Mvua Niliyoiandika Bila Kuipima

Kerubo mwanangu,

Kabla hujaondoka, ujue unaagwa na mtu mkubwa. Kama si mimi Nyakundi, baba yako mdogo, hakuna mtu duniani angejua kwamba Gesima hunyesha. Serikali isingejua, vyuo vikuu visingejua. Mawingu yenyewe yakifika juu ya kilima chetu yalikuwa yakitazama chini kwanza kuona kama nimetoka na daftari, ndipo yafungue. Hayo nimeyasema kwenye mazishi, kwenye harusi, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na mara moja mbele ya mchungaji, na hakuna aliyenipinga usoni.

Sasa nimeyaandika hapo juu, nimeyasoma, na mkono umekuwa mzito. Nilitaka kuikata karatasi nianze upya. Nimeiacha uone yalivyo, kwa sababu aibu yote ya barua hii inatoka hapo.

Ni saa nane mchana. Wewe uko Manga kumuaga mama yako na nyanya yako, na ninavyowajua watu wa Manga, hawatakuachilia kabla hujala mara mbili. Mama yako mdogo yuko shambani anachuma. Habari za sweta na pasipoti na usile chakula cha mtu usiyemjua sitakuambia. Hayo ameyasema yeye na atayasema tena kesho mpaka gari likate kona. Mimi nina neno moja tu, nimelibeba wiki tatu na limekataa kutoka mdomoni. Ni hili: usisimame mbele ya wale watu wa programu yenu ya takwimu ukawaambia kwamba daftari langu la mvua halina pengo. Lina mapengo mengi. Niliyaziba mimi, kwa namba za kutoka kichwani.

Basi, limetoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa tangu uje kwangu tumezungumza Ekegusii. Si maringo. Kwa Ekegusii mdomo wangu unajua njia za mkato. Nikianza kusema jambo la aibu, kabla sijafika katikati limeshageuka hadithi na watu wanacheka. Kiswahili nilikijifunza kwa fimbo, kwa hiyo nakitembelea polepole, na mtu anayetembea polepole huona anapokanyaga.

Tuanze na kipima mvua chenyewe, kwa sababu hata hapo palikuwa na uongo. Walikuja watu wawili kutoka chuo kikuu kimoja, kijana wa miwani na mwanamke wa viatu vya plastiki, wakatuita pale kwenye nyasi za jirani yetu Mama Moraa. Wewe wakati huo ulikuwa shule ya bweni. Wakasema wanatafuta mkulima wa kupima mvua kila siku saa tatu asubuhi na kuiandika. Si kazi ya kuajiriwa, ni kujitolea. Wakauliza, "Hapa nani amefika kidato cha nne?"

Mkono wangu ulipanda kabla ya akili yangu.

Wewe umekua ukiamini nilimaliza kidato cha nne. Niliishia cha pili, Kerubo. Tena cha pili chenyewe nilikisoma nusu. Nusu ya pili nilikuwa nikitoka nyumbani na sare na kwenda kukaa machimbo ya mawe kule Tabaka kutazama watu wakichonga viboko na simba. Aliyemaliza kidato cha nne kweli pale kwenye nyasi alikuwa Mama Moraa. Alinitazama, akatazama mkono wangu ulivyo juu, akasema tu, "Basi, mogaka, mzee wetu, amejibu." Wakakisimika kipima mvua kwake kwa sababu kwangu mikaratusi inaziba mawingu, na daftari wakanipa mimi. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa navuka kwenda kwenye ua wa mwenye elimu kufanya kazi ya mwenye elimu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mwaminifu. Hilo naomba uliamini. Nilikuwa nafika, nainua lile bomba la kupimia hadi usawa wa jicho kama walivyonionyesha, nasoma mstari wa milimita, naandika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino ikipata tone moja ukurasa wote unalia. Kisha namwaga maji kwenye nyasi, namsalimia Mama Moraa, naenda zangu. Usiniulize kwa nini jambo dogo vile lilinifurahisha. Nilikuwa mtu wa kuongea tu maisha yangu yote, na hapo palikuwa na kitu ambacho hakikutaka niongee. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mstari, na mstari hauna utani.

Halafu ikaja harusi moja kule Sironga. Tulikaa siku tatu, unajua harusi zetu. Niliporudi, kwenye daftari kulikuwa na mistari mitatu mitupu, imekaa kama meno yaliyong'oka, na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu harusini kwamba sijawahi kukosa hata siku moja. Nikamuuliza mama yako mdogo, "Juzi ilinyesha?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo kama kidogo, Baba Kerubo! Mimi ni kipimo?"

Nikakaa mezani, nikachukua kalamu ya wino iliyokuwa karibu, nikaandika nne, sifuri, kumi na moja. Nikazitazama. Zilikaa vizuri kabisa kati ya wenzao, huwezi kujua ni wageni. Hapo ndipo nilipoharibika. Kama zingekaa vibaya ningeogopa.

Mara ya pili nilikwenda Kisii mjini na nikalala kwa rafiki. Mara ya tatu sikwenda popote, nilikuwa tu sitaki kuamka. Baadaye nikawa fundi. Nilijua mwongo mvivu hupenda kumi na ishirini, kwa hiyo mimi niliandika saba na nusu, kumi na tatu. Nilijua pia kwamba sifuri zikifuatana sana mtu atasema huyu hakwenda, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi nilinyunyizia manyunyu hapa na pale, kama mtu anayetia chumvi. Wale wa chuo wakapiga simu kunisifu, wakaniletea cheti, nikakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yetu, na mama yako mdogo akauliza kama nimeoa cheti.

Sasa ile siku ya Desemba uliporudi na kompyuta yako. Nakumbuka ulikaa pale pale nilipokaa sasa, na mimi nikawa nyuma yako na kikombe cha chai, najifanya naelewa. Ulikuwa umefungua mvua ya vituo vingine, vya watu wengine wa kujitolea, na nikaona kila baada ya namba mbili tatu kumeandikwa NA, NA, NA.

Nikasema, "Hawa watu wana maneno mengi. Kumi na tano, na, na, na. Na nini sasa? Mbona hawamalizi sentensi?"

Ulicheka mpaka ukaweka kichwa juu ya meza. "Baba Mdogo! Hiyo si 'na' ya Kiswahili. Ni alama ya programu. Maana yake hapa hapakuandikwa kitu. Hatujui."

"Kumbe ni wavivu," nikasema.

Na hapo ukaacha kucheka. Ukasema, sijasahau hata neno, "Yaya, hapana, hao si wavivu. Hao wamenisaidia. Mtu akiacha NA najua hapo sijui, na programu inajua kuruka au kuniuliza nifanye nini. Naanza kuuliza, kwa nini siku hii haina? Hata sababu ya pengo inanifundisha. Sifuri ni habari, Baba Mdogo, maana yake alikwenda akakuta pakavu. NA ni ukweli kwamba hakwenda. Anayeniua ni yule anayejaza."

Nikanywa chai. Ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi, nikashukuru kwamba nina sababu ya kukunja uso.

Kisha ukanigeukia na macho yale ya kaka yangu, ukasema, "Lako peke yake ndilo halina NA hata moja. Miaka tisa! Unajua watu wangapi wangelipenda hili daftari?"

Ningesema hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Mimi ni mtu wa aina yangu."

Halafu ukaniuliza habari ya ile tisini na sita.

Mwanangu, hii ndiyo inayonitoa jasho hata nikiwa peke yangu. Siku ile sikuwa Gesima. Nilikuwa Kisii mjini, nimekaa kwenye hoteli moja karibu na soko nakula chapati na maharagwe, na jua lilikuwa linawaka. Wiki iyo hiyo kulikuwa na mazishi, na baada ya kuzika tukakaa kwenye viti, mzee mmoja akaanza kusifu mvua ya kwao. Unanijua. Nikamwambia, "Huo ni umande. Sisi juzi imeshuka mpaka ndama akaelea." Watu wakacheka. Mmoja akaniuliza, kwa sababu sifa zangu za kipima mvua zilikuwa zimefika hata huko, "Ulipima?"

"Nilipima."

"Ngapi?"

"Tisini na sita."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, na mstari wa siku ile ulikuwa mtupu. Nikaona, nikiandika ndogo halafu yule mzee siku moja alione daftari? Unaona akili ya mwongo ilivyo na bidii. Nikaandika tisini na sita. Sikuandika mvua, Kerubo, niliandika kicheko cha watu kwenye mazishi.

Na wewe ukaniuliza, kwa heshima kabisa, vidole vikiwa juu ya kompyuta, "Ilikuwaje siku hiyo?" Nami nikakueleza upepo ulivyoanza upande wa Manga, giza saa tisa, mabati yakapiga kelele, ndama wa jirani akaelea.

"Alipona?"

"Alipona. Nilimvuta kwa mkia."

Ukaandika! Niliona mkono wako ukiandika. Ukasema vituo vya jirani siku hiyo havikuonyesha kitu, na ndiyo maana ni muhimu, ni mvua ya mahali pamoja, watu wa vipimo wanazitafuta hizo. Ukaizungushia duara jekundu. Duara lile nimeliota.

Basi ukaenda Nairobi, na mwezi uliopita ukapiga simu ukisema umekubaliwa, utakwenda ng'ambo kwenye mkutano wa wote wanaotumia programu ile, na baada ya mkutano utabaki huko huko miaka miwili kusoma. Ukasema umewekwa kwenye track. Simu ilikuwa inakatikakatika. Nilisikia track tu, kama ya uwanja wa mbio. Na mimi kusema "sijaelewa" ni kama kung'olewa jino.

Nikaenda kituo cha majani chai nikatangaza. Makori, yule anayepima majani kwenye mizani, akaniuliza, "Kerubo anakimbia? Mita ngapi?"

"Zote," nikasema.

"Zote, mogaka?"

"Walimpima wakaona zote zinamfaa."

Ndiyo sababu ulifika nyumbani ukakuta nimekununulia suti ya michezo ya kijani kutoka soko la Keroka, na akina mama wa kanisa wakakupapasa miguu wakisema mbona myembamba. Ulicheka, ukaivaa jioni hiyo hiyo ili nisione haya mbele yao, ukanikalisha ukanieleza kwamba mkutano ni mkubwa, kwa hiyo wanaugawa mikondo, ndizo hizo track, kama shule yenye mikondo mitatu, kila mkondo na chumba chake. Kuna mkondo wa wanaoanza, kuna wa kuchora michoro, kuna wa kusafisha data. Huo wa kusafisha, ulisema, chumba chake hujaa mpaka watu wanakaa chini, kwa sababu hakuna asiye na uchafu wake. Na kuna mkondo wa data za hali ya hewa zilizokusanywa na watu wa kawaida. Huo ndio wako. Siku ya pili, dakika ishirini.

"Na utasema nini?" nikauliza.

Ukageuza kompyuta. Kulikuwa na picha yangu nimesimama kando ya kipima mvua na lile koti la kaka yangu, na juu yake maneno ya Kiingereza. Nilikuomba uyasome kwa kuwa miwani yangu imepotea. (Haikuwa imepotea.) Ukasoma, "Miaka tisa bila pengo: daftari la mkulima mmoja wa Gesima."

Tangu siku hiyo nimejaribu mara tatu. Sabato iliyopita tukitoka kanisani nikakuambia, "Kerubo, ile mvua..." Ukasema, "Eee, Baba Mdogo?" Nikasema, "Ilikuwa nyingi." Jumatatu nikakufuata kisimani nikaishia kubeba mtungi. Jana nikaanza vizuri kabisa, nikasema mtu anaweza kukosea, ukadhani nakuhofia wewe, ukanishika bega ukaniambia, "Usiogope, nimefanya mazoezi."

Kwa hiyo nikafanya kazi badala ya maneno. Unakumbuka nilikuambia madaftari ya zamani yaliliwa na panya, ndiyo maana nikakupa lile jipya, kubwa, nililonakili kwa rula na wino wa buluu? Ulilipiga picha kila ukurasa ukasema hujaona data safi kama hii. Hakuna panya aliyekula kitu. Niliyaficha juu ya dari la jikoni kwenye gunia la mbolea. Leo asubuhi ulipoondoka nimepanda nikayashusha. Yananuka moshi, mengine kurasa zimeshikana, lakini yote tisa yapo. Nimeyafunga kwa kamba ya katani na barua hii iko juu yake.

Yafungue na utaona mwenyewe. Palipoandikwa kwa penseli, nilikuwa nimesimama kwenye nyasi na bomba mkononi. Palipoandikwa kwa wino, nilikuwa nimekaa mezani. Sikupanga iwe hivyo. Penseli niliiacha imefungwa kwa uzi kwenye nguzo ya kipima mvua, kwa hiyo nisipokwenda sikuwa na penseli. Penseli ni mvua, wino ni mimi. Mwaka wa kwanza karibu wote ni penseli. Mwaka wa mwisho utaona aibu kuutazama. Tisini na sita ni wino mweusi, na nimeipigia mstari. Ndama hakuwapo.

Najua unavyofanya ukikasirika, hupigi kelele, unakusanya vyombo na kuviosha hata visivyo vichafu. Kama unasoma haya ukiwa njiani na hakuna vyombo, samahani. Sijui kama inawezekana kubadilisha maneno yaliyo juu ya picha yangu. Sijui kama wale wa mkutano watakuacha useme jambo jingine katika zile dakika ishirini, au watakuondoa, au watakuhamishia kwenye kile chumba cha watu wanaokaa chini. Kama nimekuharibia, nimekuharibia, siwezi kulipamba. Lakini ni afadhali uharibikiwe ukiwa bado na siku chache mkononi, kuliko mtu wa miwani asimame nyuma ya chumba, mbele ya wenzako, akuulize vituo vya jirani vilikuwa wapi siku ile ndama alipoelea. Yangu ni kusutwa na Mama Moraa. Wewe ndiyo kwanza unaanza kuwa na jina.

Kuna siku nyingine niliyoijaza, na hii haimo kwenye daftari lolote. Nikiwa nimeshaanza, acha niiseme.

Umekua ukisikia kwamba baba yako alipokata roho nilikuwa nimemshika mkono, na kwamba aliniambia, "Nyakundi, nimekuachia Kerubo." Nimelisema hilo mara nyingi mbele ya watu, na kila nilipolisema liliongezeka urefu. Ulipokuwa darasa la saba ulinitaka nilirudie kila Jumapili. Ukweli ni kwamba ilikuwa zamu yangu kukaa naye, na nikatoka. Alikuwa amelala, chumba kilinuka dawa, nikaogopa pumzi yake ilivyokuwa inakwama. Nikaenda kununua mkate ambao sikuuhitaji. Niliporudi muuguzi alikuwa amefunika uso wake. Sijui alisema nini, wala kama alisema. Hakuniachia wewe kwa mdomo wake. Nilikuchukua kwa sababu mama yako alikuwa na wadogo zako wawili kule Manga na asingeweza yote, na kwa sababu ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya jikoni na begi la shule mgongoni siku ile ya mazishi, na sikujua namna nyingine ya kukuomba msamaha.

Hayo ni yangu. Sikuandikii ili unifariji. Ukipenda, nirudishe kuwa mtu wa kawaida kichwani mwako. Nafikiri nitapata nafasi ya kutosha hapo.

Mawaidha sina. Mtu akikuuliza baba yako mdogo alikufundisha nini, sema alikuonyesha jinsi uongo unavyokaa vizuri kwenye mstari. Ila jambo moja nimelijua leo nikiwa nimekaa na yale madaftari, nalo si hekima, ni kitu nilichokiona tu kwa macho. Kurasa zangu nzuri zaidi, zile zilizonyooka, hazina mahali pa mtu kuingia. Zile chafu, za penseli, zina alama ya kidole changu chenye tope, zina mahali nilipokosea nikafuta, siku moja kuna unyoya umeganda. Ukizigusa unajua mtu alikuwapo. Nikatamani ningekuwa nimeziacha na mapengo yake. Ungenipenda tu, sivyo? Uliivaa hata ile suti ya kijani.

Nasikia mbwa wa jirani, labda ni wewe unapanda kilima. Ngoja nimalize, kwa sababu bado kuna pengo moja ambalo utalikuta na ambalo penseli na wino havitakueleza, na ulisema wewe huuliza sababu.

Kuanzia mwaka wa saba utaona jambo la ajabu. Siku za mvua ni penseli, karibu zote. Siku za jua ni wino, karibu zote. Utadhani nilipenda mvua. Utadhani ni mfumo fulani. Usije ukatafuta sababu kubwa, wala usiandike kwamba mpimaji alikuwa mgonjwa au mzee. Zile siku za jua ndizo nilizozitia manyunyu ya uongo, kwa hiyo pengine ni sifuri nyingi, wewe ndiye unayejua kuzihesabu upya.

Sababu ni hii. Mwaka ule Mama Moraa alileta bata mzinga dume. Kukiwa na mvua anajikunyata kibandani, unaweza kupita. Kukiwa na jua anasimama katikati ya nyasi, kando ya kipima mvua, ametanua mkia, uso umekuwa mwekundu, anakuja. Mara mbili alinifukuza mpaka nje ya ua. Mara ya tatu Mama Moraa mwenyewe alinitoa juu ya ukuta wa mawe, na hajamwambia mtu mpaka leo.

Nilimwogopa, Kerubo. Miaka mitatu, kila asubuhi ya jua, nilikuwa nachungulia kwenye ua, namwona, narudi nyumbani kuandika.

Ni mimi, baba yako mdogo,
Nyakundi